Herufi Kumi na Sita

Neno lilikuwa na herufi kumi na sita, na darasa zima lilikuwa likilicheka.

Mwalimu wa Kiingereza alilisoma ubaoni, silabi moja moja: cyclophosphamide. Kila Jumatatu alibandika herufi mbili mlangoni, na kila Jumatano wanafunzi walileta neno la Kiingereza lenye herufi hizo, refu kadiri walivyoweza kulipata. Mwenye alama nyingi angeiwakilisha shule mwisho wa muhula. Wiki hii zilikuwa Y na P, na aliyeongoza kwa wiki tano mfululizo ni binti ambaye wenzake walimwita Kamusi.

"Hili ni jina la dawa, halihesabiwi," mwalimu alisema. "Umelitoa wapi?"

Kabla Kamusi hajajibu, alidakia jirani yao wa nyumbani, msichana asiyejua kufunga mdomo, kutoka dawati la nyuma.

"Baba yake anafagia hospitali, mwalimu. Kaliokota kwenye pipa."

Tangu muhula uanze, Kamusi alikuwa amewaambia wenzake kwamba baba yake anafanya kazi hospitali, akawaachia wenyewe wamalizie. Wengine walimalizia na udaktari, naye hakuwasahihisha. Sasa uso ulimwiva, akatamani sakafu ipasuke immeze. Kengele ilipolia, jina lake jipya lilikuwa Famasia.

Jioni baba alikuwa mezani akimngoja, kofia ya bluu kichwani kama kawaida yake ya siku hizi. Alikuwa seremala, tena wa kutajwa, hadi alipoacha randa na kusema vumbi la mbao limemchosha. Kazi ya kufagia ilikuwa ya Jumanne tu, lakini ilimwacha hoi hadi Alhamisi. Kila alipotoka huko alimletea bintiye neno kwenye kipande cha karatasi, kwa hati iliyopinda kama ya mtoto wa chekechea. Kamusi aliyaficha yote kwa kuona haya. Hili moja tu ndilo alilolikubali, kwa tamaa ya urefu wake.

Baba akauliza wamepata alama ngapi. Alisema "tumepata", kana kwamba na yeye alikuwa darasani.

"Sifuri," Kamusi alijibu. "Baba, naomba usiniokotee tena maneno jalalani. Wamenicheka kwa ajili yako."

Mama aliacha kupakua. Baba aliirekebisha kofia yake, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

"Sawa, mama," akamwambia bintiye. "Nilidhani ni refu la kutosha."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililomkosesha Kamusi usingizi. Angegombezwa angelala. Siku zilizofuata baba alimsalimia kama kawaida, akamuuliza habari za shule, ila Jumatatu hakuuliza herufi za wiki. Kamusi alikaa karibu naye na daftari wazi, akikohoa kohoa, lakini baba hakuuliza. Aibu ya darasani ilikuwa imeshapoa. Iliyobaki ilikuwa ya kwake mwenyewe, na hiyo haikuwa na wa kumsingizia.

Jumanne alitoroka kipindi cha mwisho, akaenda hospitali na sare yake. Mkononi alikuwa na karatasi yenye herufi Z na M. Alikuwa ameshapanga: hatasema samahani, maana angelia. Atampa karatasi tu, mbele ya wafagizi wenzake wote, aseme, "Baba, nitafutie."

Kwenye ukumbi mrefu mama mmoja wa makamo alikuwa akipiga deki. Kamusi akamwamkia, akamuuliza mfagizi wa Jumanne anapatikana wapi, yule baba mwembamba mwenye kofia ya bluu.

"Mfagizi wa huku ni mimi, mwanangu, kila siku, mwaka wa kumi na moja huu," yule mama alisema. Kisha akatabasamu. "Wa kofia ya bluu? Si yule mzee wa herufi! Kila wiki anawahangaisha wenzake mstari mzima, wamsaidie kutafuta neno la binti yake. Leo kawaambia wapumzike, binti hataki tena." Akaegemeza fimbo ya deki ukutani, akamwelekeza kwa kidevu. "Mlango wa mwisho. Ukiingia nenda polepole, ndiyo kwanza wamemuunganisha."

Mlango ulikuwa wazi nusu. Baba alikuwa kwenye kiti cha tatu katika safu ya viti vinane, kofia imelala mapajani, kichwa hakina hata unywele mmoja. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta juu ya sindano, na penseli ilikuwa kwenye wa kushoto. Kutoka kwenye sindano mrija mwembamba ulipanda hadi kwenye mfuko uliotundikwa juu yake, na kwenye mfuko, kwa maandishi makubwa meusi, lilikuwa neno la herufi kumi na sita.