Damu ya Mangi

"Daktari, nimeshakwambia sijameza kidonge chochote tangu Pasaka," Mangi alisema, akifuta vumbi kwenye sufuria zake za jumla. Kisha akacheka, na Ummy akaona kitu cheupe kimejibana kwenye gego lake.

Ummy alikuwa amefika Kariakoo roho juu. Utafiti wake wa uzamivu ulihusu aspirini inavyochelewesha damu kuganda, na Mangi alikuwa kwenye kundi la wasioitumia kabisa. Lakini damu yake ndiyo iliyogoma kuganda. Profesa anayemsimamia alishasema: kama huyu hakutumia aspirini, basi mashine ya kupimia ni mbovu, na sampuli zote mia mbili zirudiwe.

"Mangi, hicho nini mdomoni?"

Akavuta shavu kwa kidole. Kidonge kilikuwa kimelainika, kimebaki kama chokaa iliyolowa ndani ya tundu la jino.

"Aspirini. Jino linanitesa mwezi wa tatu huu. Lakini simezi, naweka tu. Kikiisha naweka kingine."

"Hata siku niliyokutoa damu?"

"Siku ile lilikuwa limevimba. Niliweka viwili."

"Na mate, Mangi?"

"Mate nameza. Sasa nitayatema hapa mbele ya wateja?"

Ummy akaketi juu ya sufuria ya pilau iliyofudikizwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nimekuharibia kazi?" Mangi akauliza taratibu.

"Hapana," alisema Ummy, akitafuta simu kwenye mkoba. "Panua mdomo tena, tafadhali. Profesa atataka picha."