Gari Lililojiita Zima

Tangu sheria iseme kwamba hali ya mashine huelezwa na mashine yenyewe, si na fundi, gereji yangu imefungwa. Gari letu lilikohoa kila asubuhi kwa miezi mitatu, na kila nikiliuliza lilijibu kwa sauti tamu, "Mimi ni mzima." Hata likizimika barabarani liliomba radhi, kisha likasema hivyo hivyo.

Jumamosi nilichoka. Nikaliwasha, nikafungua boneti, jambo lililokatazwa. Nikachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja nikaitia sikioni, nyingine nikaipitisha juu ya injini, kama alivyonifundisha marehemu baba.

"Mama Tulizo, utatufungisha," mume wangu alisema kutoka barazani, akakohoa.

"Nyamaza kidogo. Nasikiliza."

Nyuma ya injini nikasikia mluzi mwembamba. Bomba la hewa lilikuwa na ufa usiozidi ukucha. Nikazima, nikaliviringishia kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakaza kwa waya. Nilipowasha tena, injini ilitulia kama maji mtungini. Nikacheka peke yangu, mikono imejaa oili.

"Mimi ni mzima," gari likasema.

"Sasa ndiyo," nikalijibu.

Mume wangu alipiga makofi mpaka kikohozi kikamkatiza. Anakohoa tangu masika. Akaitazama bangili yake ya afya, nayo ikatangaza, kwa sauti ile ile tamu, kwamba yeye ni mzima.

Nikaufuta ule mpira kwa upindo wa kanga.

"Baba Tulizo, vua shati."