Kuvu Asiye na Eksipiriensi

Hapo kale, kale ya juzi tu, Kuvu aliishi ndani ya gome la mkoko, akipika dawa ya vidonda. Waliopona waliushukuru mkoko.

Kuvu akachoka, akamwendea Kaa, bosi wa mikoko, kuomba kazi ya udaktari.

"Eksipiriensi miaka kumi unayo?" Kaa akauliza, akichezesha gando lake.

"Mitatu, mheshimiwa. Lakini dawa iliyomo gomeni naipika mimi."

"Wewe? Ukungu wa mkate na ofisi wapi na wapi? Sori, kijana, kajiajiri!"

Akaamuru mkoko ukwanguliwe, eti Kuvu anauchafua. Kuvu akahamia kwenye gogo bovu, akajiajiri kweli.

Wiki haikuisha, Kaa akapigana, gando likaanza kuoza. Akabandika gome la mkoko, safi, linang'aa. Wapi! Akabandika la pili, harufu ikazidi. Ndipo akajikokota hadi kwenye gogo.

"Dokta, mwanangu, okoa gando langu!"

"Karibu, mheshimiwa," Kuvu akasema kwa adabu zote. "Eksipiriensi ya kuumwa unayo? Miaka kumi, tafadhali."

Kaa hajafungua kinywa, gando likadondoka topeni.