Pikipiki Inayooka Piza Njiani

"Pole," fundi alinong'ona baada ya kuvuka tuta jingine, kichwa kakigeuza nyuma kidogo.

Mwenye duka la piza, aliyebanana naye kwenye kiti cha mbele cha pikipiki ya magurudumu matatu, akamtazama. "Unamwambia nani?"

"Chombo. Nikikirusharusha, kinanuna."

Nyuma yao kulikuwa na sanduku kubwa la bati, jekundu, lenye bomba la moshi juu, matundu ya hewa ubavuni na kidirisha chembamba kwa nyuma. Fundi alilichomelea mwenyewe kwa miezi, majirani wakimpita wakicheka chini chini. Mkewe alikwisha kumwambia wazi kwamba hiki nacho kikigoma, arudi kwenye mageti na madirisha. Alikuwa na haki ya kuchoka. Chombo cha kwanza kilifikisha piza baridi kama jiwe. Kilichofuata kilizifikisha zote zimejikunja kwenye kona ya boksi. Hiki, fundi aliapa, hakibebi piza. Kinaioka kikiwa njiani.

Mwenye duka alishadanganywa na mafundi wenye karakana kubwa kuliko hii. Ndiyo maana alikuja kujionea.

Walisimama kando ya ghorofa moja lenye kivuli. Fundi akamwelekeza aagize kwa kusemea kwenye bomba dogo lililo pembeni mwa kidirisha. Mwenye duka akataka kumkomoa. Akaagiza piza ya uyoga, nusu isiwe na vitunguu, pilipili kwa mbali.

Ndani kukasikika mkwaruzo, kisha kishindo, kisha kikohozi.

"Moshi huo, unatafuta njia," fundi akawahi kusema, jasho likimchuruzika shingoni.

Harufu ikaanza kutambaa barabarani. Wapita njia wakapunguza mwendo. Hatimaye kidirisha kikafunguka na piza ikateleza nje inafuka mvuke, ukingo umefinywa vizuri, vitunguu upande mmoja tu. Mwenye duka akaonja. Akafumba macho, akaonja tena, wala hakujali kwamba ilikuwa inamuunguza ulimi.

Alitaka afunguliwe aione hiyo mitambo. Fundi akakataa kwa adabu, akasema mle ndani mna joto la kuunguza na mna siri ya kazi yake. Jibu hilo likazidi kumpandisha machoni pa tajiri huyo wa piza. Njia nzima ya kurudi karakana alikuwa akimmwagia sifa, na walipofika, wakatia saini mkataba, karatasi wameilaza juu ya tairi bovu.

Fundi aliingia ndani kutafuta kitambaa cha kujifutia uso. Ukweli ni kwamba machozi ya furaha yalikuwa yanamtoka, na hakutaka yaonekane.

Akasikia injini inanguruma. Alipotoka mbio, tajiri alikuwa kaishika pikipiki barabara, anaiingiza barabarani.

"Naipeleka tawi letu la mji wa pili," akapaza sauti, "wakaione leo leo!"

Fundi akaikimbilia pikipiki akipunga mikono. Sanduku jekundu likapotelea kwenye kona.

Mkewe akatokea mlango wa nyuma na jagi la maji ya baridi.

"Haya, mfungulie mama yangu atoke anywe maji," akasema. "Mtu mzima yule, na lile jiko humo ndani tangu asubuhi."