Kikapu cha Alama Tisini

“Mama, usimwonee mtoto,” Salha alisema. “Kikapu amesuka mwenyewe. Mwalimu kampa alama tisini, na kesho kinakwenda kwenye maonyesho.”

Mama mkwe wake, Bi Mwatime, alikigeuza kikapu. “Hiki nilikisuka mimi, nikakiuza Jumanne. Nani mwingine anafunga ukingo mwekundu namna hii?”

Raya alimtazama mama yake. Salha alikosa pa kuweka macho. Alikinunua sokoni mbiombio akitoka kazini, ili Raya apate cha kupeleka shuleni. Na mwezi uliopita, Raya alipoketi na bibi yake kusuka, ni Salha aliyemwinua: “Shika daftari. Kusuka ukili hakumpi mtu kazi.”

“Umekwenda kunitafuta sokoni,” Bi Mwatime alisema, “nami niko hapa uani.”

Salha alichukua kalamu. Kwenye kikaratasi cha mwalimu kilichofungwa kikapuni alilikata jina la Raya, akaandika la mkwewe. Kisha akavua viatu vya kazini, akaketi mkekani.

“Tufundishe, mama. Mimi na Raya.”

Mwaa wa kwanza, jani la kusukia, ulimkatikia vidoleni. Bi Mwatime akampa wa pili.