Nusu ya Kokubelwa

Siku hizi hakuna kutembeleana mpaka mwenyeji na mgeni, kila mmoja, awe amepaka rangi nusu yake ya uwanja mpya wa mchezo wa mezani, ule wa vilima na vichaka vidogo vya plastiki. Kwa brashi, vilima na vichaka vya nusu moja vilimchukua Mzee Rwechungura mwezi mzima. Aliponunua mashine ndogo ya kupulizia rangi, kilima kikawa kinakauka kabla chai haijapoa. Akamtumia na binti yake, Kokubelwa, ya kwake, ili naye asichelewe.

Sasa nusu za mzee, alizokwisha kuzipaka kwa ziara zijazo za binti yake, zimejaa sebuleni, nyingine zimekalia kiti cha mgeni. Akampigia Kokubelwa simu.

“Mashine inakusumbua, mwanangu? Nikuelekeze?”

“Hapana, Baba. Bado iko kwenye boksi lake.”

“Basi, hakuna haraka,” akasema mzee, akachukua kilima kilichokwisha kukauka, akaanza kukipulizia rangi upya.