Nguo za Mkubwa

Nyamhanga, mgambo wa Kamunyonge, alichovya kidole kwenye kopo la chumvi, akalamba, akakunja uso. Akachovya kwenye unga wa muhogo. Akachovya hata kwenye majivu ya mafiga, akalamba nayo, maana amri ni amri.

"Sukari umeficha wapi, Mama Gati?"

"Mimi mfua nguo, sukari niitoe wapi?" alijibu Lukresia.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, mwaka wa msako wa walanguzi na waficha bidhaa. Jirani yake Esta alikuwa ndani wiki ya pili kwa nusu kilo tu. Lukresia alikuwa nazo kilo mbili. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kutoka Butiama kumposa binti yake Gati, na mkwe ukimpa chai isiyo na sukari hugeuza na ng'ombe wake.

Nyamhanga alimwinua kuku aliyekuwa akiatamia, akahesabu mayai, akamrudisha. Ndipo akaligeukia kapu la nguo. Akafunua shuka, akakutana na chupi pana ya bluu.

"Ya nani hii?"

"Ya Mkubwa wa Makoko. Mimi ndiyo ninamfuliaga."

Nyamhanga akaipigia saluti. Akaifunika taratibu, asiguse kilichokuwa chini yake, kisha akamwachia Lukresia karatasi: *Nyumba hii imepekuliwa. Haina sukari.* Saini na mhuri wa Mkubwa vilikuwapo tayari. Mkubwa, msimamizi wa msako, aliziidhinisha karatasi hizo kila asubuhi, bunda zima, huku akinywa chai. Chai yake hakuna mgambo aliyewahi kwenda kuilamba.

Mchana Lukresia alipeleka nguo Makoko. Alimkuta Mkubwa anazunguka sebuleni, jasho linamtoka.

"Mama Gati, kwako wamepekua?"

"Leo asubuhi, baba."

"Basi hawarudi tena. Kesho wanakuja wapekuzi wa Dar, na hao hawamjui mtu. Kuna mizigo yangu kidogo, nitunzie."

Mizigo kidogo ilikuwa magunia matatu ya sukari. Mtunza bustani aliyapakia kwenye mkokoteni, Lukresia akayafunika kwa mashuka ya Mkubwa, na juu kabisa akaiweka ile ya bluu. Kwenye kizuizi cha barabarani Nyamhanga aliiona kwa mbali. Alisimama wima, akawasogeza watu, mkokoteni ukapita.

Wapekuzi wa Dar walipekua Makoko nzima. Kwa Mkubwa waliambulia chumvi, wakampongeza kwa uzalendo.

Jumamosi wakwe wa Butiama walikunywa chai mpaka vijiko vikasimama vyenyewe vikombeni. Walitaja ng'ombe kumi na wanne bila kuombwa.

Jumatatu Mkubwa alikuja mwenyewe, kwa miguu, kofia imeshuka hadi puani. Lukresia alimkaribisha kigoda kwa heshima zote.

"Mama Gati, nimefuata ile sukari yangu."

"Sukari, baba?" Lukresia alishtuka kweli kweli. Alifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka na karatasi, akampa kwa mikono miwili. "Mimi kusoma sijui vizuri. Hebu nisomee mwenyewe, na hapo chini uniambie ni saini ya nani."